Rudia Hapo

Yule binti alikuwa kidato cha pili, dawati la tatu kutoka dirishani. Nilikuwa nimewapa insha ya "Siku nisiyoisahau", ile ambayo kila mwalimu wa Kiswahili ameshaitoa na kila mwanafunzi ameshaiandikia ajali ya basi ambalo hakulipanda. Yeye aliandika jinsi mama yake anavyokaanga samaki alfajiri. Mafuta yanavyolia, moshi unavyotafuta mlango, mama anavyowagombeza samaki kana kwamba ni wateja waliokopa wakahama mtaa. Ukurasa mzima hauna nukta hata moja. "Kuwa" ameandika "kua", "huko" ameandika "uko", na "anakaanga" kaikata vipande viwili, "ana kaanga".

Mezani nina madaftari zaidi ya 70, na somo la wiki ile ni vituo vya uandishi. Nikasimama mbele ya darasa nikamsomea insha yake kwa sauti, kwa pumzi moja, bila kutua, ili waone jinsi ukurasa usio na nukta unavyomkaba msomaji. Walicheka mpaka darasa la jirani likachungulia madirishani. Na mimi nilicheka.

Tangu siku hiyo insha zake zilikuwa safi. Zinaanza na "Wahenga walisema", zinafuata aya tatu zilizonyooka, zinaishia na "Hivyo basi, jamii haina budi". Nikampa alama nzuri, na kwenye ripoti nikaandika ameongeza bidii. Alimaliza kidato cha nne akaenda zake. Miaka mingi ikapita ndipo nikatambua kwamba zile zilikuwa alama za kunyamaza.

Sijitetei, ila niseme hali ilivyokuwa. Mwalimu mwenye madaftari 70 na mikondo mitatu hasomi insha, anawinda makosa. Kosa linaonekana haraka, unalipiga mstari mwekundu, unahamia daftari jingine. Kuona kitu kizuri kunataka utulivu, na saa nne za usiku, taa inafifia, utulivu huo huna. Wanafunzi nao si wajinga. Wakishajua kwamba mwalimu anawinda, wanaandika kama swala anavyopita mbugani, kwa kujificha. Ndiyo maana hao wahenga wanaitwa kila insha. Wahenga hawana makosa ya herufi.

Nilistaafu 2015, nikarudi nyumbani Ngamiani, kule Tanga kwenye barabara za namba. Mwaka uliofuata nikaanzisha darasa la uandishi la Jumamosi jioni, kwenye baraza ya nyumba yangu, bure. Nilidhani watakuja watoto wa shule. Wakaja watu wazima: kijana wa bodaboda, fundi cherehani, muuguzi, mama muuza vitumbua aliyesema amekuja kumsindikiza jirani yake na hakuondoka tena, vijana wawili wa chuo, na mzee mmoja mstaafu wa bandari, mshairi, amevaa kanzu na kofia ya mkono, daftari lake limefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Darasa hilo la kwanza lilikufa wiki ya tano. Kulifufua kulinifundisha mengi kuliko miaka yote ya chaki.

Kwanza niliweka kiti changu mbele na viti vyao mbele yangu. Barazani! Watu wamezoea kukaa barazani wakitazamana, mimi nikawapanga kama watahiniwa. Kila aliyesoma kazi yake alinitazama mimi, na wenzake wakatazama nje kungoja zamu. Nilikuwa na kalamu. Haikuwa nyekundu, nilikuwa nimeshajirekebisha kiasi hicho, ilikuwa ya bluu. Wino wa bluu kumbe unauma vilevile.

Pili, wiki ya nne kijana wa chuo alisoma shairi lisilo na vina. Mzee wa bandari akamsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hili ni shairi au ni orodha ya vitu?" Kijana akajibu kwamba ushairi wa vina na mizani ni wa watu waliolala. Mzee akasema waliolala huamka, lakini aliyekufa ndiyo basi. Ikawa tafrani. Nikawaacha wabishane nikidhani ni afya ya darasa, na Jumamosi iliyofuata hawakuja wote wawili, wala wale waliokuwa na kazi mkononi na sasa wamejua zitakavyopokelewa. Nilibaki na mama wa vitumbua, na vitumbua.

Wapenzi wa ushairi wetu wanaujua ugomvi huo, si wa baraza yangu tu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alitoa diwani ya mashairi yasiyofunga vina, na malenga na wasomi wakagombana miaka na miaka: shairi bila vina na mizani ni shairi? Nilisoma hoja za pande zote mbili chuoni na nikazifundisha kwa mtihani. Lakini kuzijua hoja hakukunisaidia lolote pale barazani, kwa sababu nilichokihitaji ni namna ya kumfanya mzee asikilize kabla ya kuhukumu, na kijana vilevile. Hilo halimo katika muhtasari wa somo.

Nililipata nikiwa nachambua mchele.

Nilipokuwa darasa la tatu, mtaani kwetu mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa barua. Bibi yangu alijua kusoma msahafu na alikuwa na tenzi kifuani ambazo angeweza kuzighani kuanzia magharibi hadi isha, ila herufi za shule hakuzijua, na shoga zake kadhalika. Watoto wao walikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, Mombasa, wengine Unguja. Barua ikija naitwa. Wanakaa kwenye mkeka wakisuka ukili, mimi katikati, nasoma. Barua zote zilianza mamoja: "Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Bibi alikuwa hana subira na sehemu hiyo. "Pita hapo, pita. Mwenyewe anasemaje?"

Siku moja mjomba aliandika kutoka Mombasa kwamba amemwona mtu barabarani kavaa kofia kama ya marehemu babu, akamfuata mpaka Makadara, kufika karibu kumbe si yeye, na alijua tangu mwanzo kwamba si yeye. Ukili ukasimama mikononi mwa wanawake wote. Bibi akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Rudia tena." Nilisoma mara tatu, na mara ya tatu nikaanza kuisikia mwenyewe.

Mjomba alikuwa hajui kuweka nukta. Hakuna aliyelisema hilo.

Na walipojibu, wao wanasema, mimi naandika. Nikitia maneno yangu ya shule, "dhumuni la barua hii", bibi akinitaka nimsomee alichokisema, alitikisa kichwa: "Huyo si mimi. Futa." Mwalimu wangu wa kwanza wa uandishi hakujua kuandika jina lake kwa herufi hizi tunazozitumia.

Basi nikawafuata watu wangu mmoja mmoja. Kijana wa bodaboda nilimkuta kijiweni. Kwa mzee wa bandari nilikwenda na sukari kilo mbili, nikampa shikamoo, nikamwomba radhi kwa kumwacha avunjiwe heshima barazani kwangu. Kijana wa chuo nilimtuma aende mwenyewe kwa mzee. Sijui walisemezana nini. Viti nikavitoa vyote. Nikatandika mikeka miwili, nami nikakaa pembeni karibu na mlango wa ndani, mahali pa mtu wa kuleta chai.

Sheria ikawa moja. Mtu anasoma kazi yake kwa sauti, wengine hawana karatasi wala kalamu, wanasikiliza tu. Akimaliza, hakuna "nzuri sana, hongera, Mungu akubariki", na hakuna "ila mimi naona". Kuna neno moja linaloruhusiwa: rudia hapo. Unamwambia ni wapi, kwa maneno yake mwenyewe kama unavyoyakumbuka, naye anarudia sehemu ile. Mwingine anaomba pake. Mpaka waishe.

Jumamosi ya kwanza ya sheria hiyo kijana wa bodaboda alikuja na kurasa sita. Mbili za mwanzo zilihusu changamoto za ajira kwa vijana, zimejaa "suala zima la" na "katika kuhakikisha kwamba", lugha aliyoiokota kwenye mikutano ya hadhara. Ukurasa wa tatu anambeba bibi mmoja mwenye kuku kikapuni, na bibi anamwambia, "Mwanangu, endesha polepole, kuku wangu anasikia kizunguzungu." Aliendelea mpaka mwisho, akafunga daftari. Watu wanne wakasema kwa pamoja: "Rudia kwa kuku!" Akarudia, wakacheka, na safari hii ni mwandishi aliyewachekesha. Kurasa mbili za ajira hakuna aliyeziombea kurudiwa. Wala sikumwambia kitu. Jumamosi iliyofuata alikuja na hadithi mpya: inaanza na kuku, na ukosefu wa ajira umo ndani yake kuliko mwanzo, kwa kuwa bibi anamlipa nauli kwa mayai mawili na yeye anayapokea.

Kimya kile, pale ambapo hakuna anayeomba kurudiwa, ni kikali kuliko wino wowote. Nilichelewa kulitambua hilo. Muuguzi alisoma mara mbili mfululizo bila mtu kusema neno, akainuka, akasema ana zamu ya usiku. Hakuwa na zamu. Baada ya hapo nikaongeza kitu: asipopata "rudia" hata moja, mwandishi mwenyewe ndiye anayechagua pa kurudia. Mara nyingi anachagua palepale ambapo moyo wake ulikuwepo na maneno hayakufika, naye anaanza kueleza kwa mdomo alichotaka kusema. Tunamwambia, andika hivyo hivyo ulivyosema. Muuguzi alirudi, ila baada ya miezi minne, na mpaka leo hukaa karibu na ngazi.

Nukta na herufi tunazifanya, msidhani nimeziacha. Zinakuja baada ya chai, wawili wawili, kwa penseli. Kinachoshangaza ni kwamba mtu aliyerudiwa anataka kazi yake isafishwe; anakuuliza mwenyewe kama "aliye" ina y. Nilipokuwa shuleni nilimlazimisha mtu kufua nguo ambayo hana pa kuvaa kwendea.

Mzee wa bandari ndiye aliyewafundisha wasimulizi wetu kubana maneno, na alifanya hivyo kwa mizani. Aliwawekea mezani ubeti wa kawaida wa tarbia, mistari minne, kila mstari silabi 16, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili, akawafundisha kuzihesabu kwa kugonga vidole gotini. Kisha akachukua sentensi ya fundi cherehani, "Alikuwa akiendelea kushona kwa ajili ya mtoto wake", akagonga, silabi 23. "Sema hayo hayo kwa nane," akasema. Fundi akahangaika, akafuta, akagonga tena: "Alimshonea mwana." Nane kamili. Nilipata miaka 30 na kitu ya kufundisha kauli ya kutendea, na sikuwahi kuiona ikifanya kazi namna ile: nani, lini, nani kafanyiwa, yote ndani ya kitenzi kimoja, na lile "kwa ajili ya" halina pa kukaa tena. Kijana wa mashairi huru naye aligonga vidole siku ile, nilimwona, ingawa aliuficha mkono chini ya daftari.

Mzee alikuwa na desturi nyingine ya kujibizana. Alisema baba yake alikuwa akisomewa mashairi kwenye Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923 wakati wa serikali ya Waingereza, na mshairi wa Pangani akiuliza jambo humo, atajibiwa na mshairi wa mji mwingine kwa vina vilevile. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, na washairi wa wakati wake walipigana vita vya maneno kwa njia hiyo karne ya 19. Kwa hiyo tukaanza: mtu akisoma, mwingine anaweza kuondoka na kazi ile akamjibu wiki inayofuata. Mama wa vitumbua alimjibu kijana wa bodaboda kwa hadithi ya upande wa bibi mwenye kuku. Katika hadithi yake kuku hana kizunguzungu, ni bibi mwenyewe aliyekuwa anaogopa mwendo na anaona haya kusema. Kijana alikaa kimya sana. Akasema, "Mama, ungeniambia ningepunguza." Alikuwa anaongea na bibi wa kwenye karatasi.

Sehemu nyingine ni ngumu zaidi kuzisimulia. Mwaka wa pili dada mmoja alisoma habari ya mke anayeshonea mke mwenzie gauni la harusi. Hatukuwahi kusikia kitu kama kile. Kila mtu aliomba kurudiwa. Kufika Jumanne inasemwa gengeni, na majina yamewekwa. Sikumjua aliyetoa neno na sikutaka kumjua, maana nilihofia ningesikia ni mimi, kwa kumsimulia jirani jinsi darasa linavyokwenda. Nilikwenda kwake nikafunguliwa mlango na mumewe. Dada hakurudi. Tangu siku hiyo hatuulizi "hii ni kweli?" na hatumwambii msomaji "wewe ulifanya", tunasema "huyu mama wa kwenye hadithi", hata kama mama wa kwenye hadithi ana kovu palepale alipo na kovu mwenye kuisoma. Karatasi hazibaki kwangu. Sheria nzuri, ila zimeandikwa kwa gharama ya mtu ambaye hazikumfaa.

Na kuna msimu wa tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipoanza, na Aprili 2023 washindi wa kwanza wakatangazwa, shilingi milioni 10 kwa mshindi wa kwanza na kitabu kuchapishwa, barazani kwangu pakawa kama penye msiba wa mtu tajiri. Watu wakaja na daftari zimefungwa. "Leo sina kitu, Mwalimu." Na mfuko umevimba. Kila mmoja alihofia kuibiwa wazo. Jumamosi tatu tulikunywa chai tukazungumzia bei ya sukari. Ya nne mzee wa bandari alifungua ule mfuko wake wa nailoni, akasema yeye ana miaka 80 na zaidi, anayetaka kumwibia awahi. Akasoma. Wakaombea kurudiwa, wakasahau. Watatu wetu walipeleka kazi zao mwaka ule, hakuna aliyeshinda, na mmoja hadi leo anaamini bahasha yake ilipotea njiani.

Jambo moja bado linanisumbua. Shuleni nilikuwa nikifuta kila neno lisilo "sanifu". Kuna mtoto aliandika mazungumzo ya wazee wa Lushoto wakiitana "mghosi", nami nikaweka "mzee" juu yake. Kiswahili sanifu chenyewe kilichaguliwa, kikajengwa juu ya Kiunguja, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kukisimamia mwaka 1930. Ni kazi kubwa na ndiyo inayomfanya mtu wa Kigoma aelewane na mtu wa Lamu. Lakini wazee wa Lushoto hawaitani "mzee". Siku hizi nawaachia wahusika ndimi zao na naidai lugha sanifu kwa msimulizi. Mzee wa bandari anasema nimelegea. Huenda.

Mwezi uliopita nilikwenda kutafuta shuka sokoni, nikasimama kwenye meza ya mtumba, na mwenye meza akanipa shikamoo kwa sauti ya mtu anayekujua. Alikuwa ni yule binti, dawati la tatu kutoka dirishani, mtu mzima sasa, ana mtoto mgongoni. Nilimwambia habari ya darasa la Jumamosi. Nikaanza kumwomba radhi kwa ile siku ya samaki, nikajikanyagakanyaga; akaniangalia tu. Akasema, "Mwalimu, mimi siandiki. Naandika madeni tu," akanionyesha daftari dogo la mistari, jalada limefungwa kwa mpira.

Nikamwomba anisomee.

Akatazama huku na huku kama atachekwa. Akasoma: "Mama wa kitenge cha njano, elfu nane, kasema Ijumaa, hakusema Ijumaa ipi. Kaka wa mkokoteni, elfu tatu, huyu akinunua shati huliomba samahani lile la zamani."

"Rudia hapo," nikasema.

Akarudia, polepole zaidi. Kisha akamwona mtu nyuma yangu ameshika sketi, akafunga daftari. "Mwalimu, wateja. Shuka utachukua ipi?"